Adapta Isiyo na wa Kuisemea

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja mfupi nimeuwekea soli ya kiatu cha mteja aliyehama bila kuaga. Kuanzia saa mbili asubuhi hukaa hapo watu walewale. Kuna mimi, fundi viatu, ambaye wananiita Soli. Kuna Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, anayenyoa watu wanne kwa siku na kuongea na mia. Kuna Kamera, mwenye studio ya picha za vitambulisho, ambaye hata akinywa kahawa anakutazama kama anatafuta upande wako mzuri. Kuna Mshauri, karani mstaafu wa bohari, mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui. Na kuna Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hakai lakini hakuna neno linalompita. Tuna desturi yetu moja. Ubishi ukizidi tunapiga kura kwa vikombe: anayekubali anafunika kikombe chake juu ya benchi, anayekataa anaendelea kunywa. Vikombe vingi vikifunikwa, basi, jambo limekwisha na hakuna kukata rufaa. Mama Birika peke yake hapigi kura, kwa sababu vikombe vyote ni vyake.

Siku ninayoisimulia, shauri lilikuwa la kompyuta. Ni kompyuta ya mapajani, ya kizamani kidogo, aliyotuachia Kamera aliponunua kubwa ya mezani, ambayo haina kamera ya kuonana na mtu. Inakaa kwenye rafu yangu kati ya viatu vilivyokwisha na vile ninavyowadanganya wenyewe kwamba vitakwisha kesho. Kila mtu wa benchi anaitumia anavyotaka, na mtandao tunauvuta kutoka studio kwa Kamera, bila waya. Mwaka mzima mashine hiyo haikuwa na mtu wa kuisimamia, na sisi tukaona huo ndio undugu.

Sasa, nina dada yangu, mdogo wangu wa kufuatana, fundi cherehani. Anashona katika chumba cha nyuma ya kibanda changu. Ni kiziwi tangu akiwa na miaka miwili. Asubuhi hiyo, saa tano kamili, alikuwa na usaili wa kuonana kwenye kompyuta, wa kazi ya kufundisha ushonaji katika shule ya viziwi. Kazi hiyo ameisubiri miaka mitatu. Barua ilisema mambo mawili kwa herufi nzito: usaili ufanyike kwa kompyuta, si kwa simu, ili mikono yote miwili ionekane vizuri; na atakayekosa hatapangiwa siku nyingine. Duka la intaneti la mtaa wa pili lilikuwa limefungwa, wanapaka rangi. Mimi ndiye niliyemwambia asihangaike, kompyuta ipo na kaka yake yupo. Nilimwambia kwa kumwinulia dole gumba, naye akaniamini, akarudi kumalizia gauni la mteja.

Saa tatu nikaiwasha nijaribu. Ikaandika kwamba imeunganishwa. Nikafungua ukurasa mmoja, ukazunguka weee, haukufunguka. Nikafungua mwingine, vilevile. Nikamwita Kamera, akaja na kikombe chake, akaiweka mashine kwenye kigoda mbele ya benchi, akabonyeza huku na huku mpaka akafika kwenye orodha ya adapta za mtandao. Adapta, kwa asiyejua, ndiyo sehemu ndani ya kompyuta inayopokea na kutoa mtandao. Kompyuta kama yetu inatosheka na moja. Yetu ilikuwa na tisa.

– Moja ni ya kweli, Kamera akasema. Nane ni adapta hewa.

– Hewa kama wale wafanyakazi hewa? Wembe akauliza.

– Walewale. Majina yapo kwenye orodha, kazini huwaoni. Ukifungua kompyuta kwa bisibisi hutakuta kitu. Ila mashine inawaheshimu. Ikitaka kutuma kitu nje inampa mmoja wao, naye hana mlango wa kutokea. Ndiyo maana inasema imeunganishwa na hakuna kinachotoka.

– Basi wafukuze, nikasema. Tuna saa mbili.

– Nitawafukuza. Shida ni moja. Sijui yupi ni yupi.

Alianza na tatu alizokuwa na uhakika nazo, kwa sababu zilikuwa na majina ya majigambo ambayo hakuna kiwanda kingeyaweka kwenye kifaa. Akabonyeza ondoa, ondoa, ondoa. Zikapotea. Tukapongezana. Akaizima mashine, akaiwasha upya kama inavyotakiwa, akafungua orodha. Zilikuwa tisa vilevile, zile tatu zimekaa mahali pake kama watu waliotoka kidogo kwenda kunawa mikono.

Hapo benchi likapata kazi yake. Mshauri akavuta kahawa, akaweka kikombe chini taratibu, na sisi tuliomzoea tukajua inakuja hotuba. Alisema yeye hilo halimshangazi. Bohari lao lilikuwa na mizani moja alipoajiriwa, na siku anastaafu zilikuwa sita, na hakuna karatasi hata moja ya kuonyesha zimenunuliwa. Vitu vikikaa pamoja gizani, alisema, vinazaana. Mwaka mzima tumeifunga kompyuta kwenye rafu usiku kucha na adapta yake ndani. Tulitegemea nini.

Wembe akasema hapana, hao ni watu. Kila adapta ni mtu aliyekaa mahali, ametumbukiza mkono kwenye mtandao wa Kamera, anakula taratibu. Akatuonyesha kitaa kidogo cha ubavuni mwa mashine kinavyopepesa. Kinapepesa, alisema, kwa sababu wanapokezana zamu. Mshauri akamuuliza kwa nini basi wote wanane wako kazini saa hiihii. Wembe akajibu kwamba huenda huko waliko ni mchana wa siku nyingine, na kwa jibu hilo akajiona ameshinda. Kutoka hapo ubishi ukapanda. Mshauri akasema kama ni watu, basi wana mkubwa wao, na mkubwa wao ni ile adapta ya juu kabisa kwenye orodha. Wembe akasema huyo mkubwa ndiye anayewarudisha wakifukuzwa, ana daftari la majina. Mshauri akapendekeza tumwandikie barua.

Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani ndani ya kibanda. Ilikuwa imeshafika saa tatu na nusu, na kutoka chumba cha nyuma nilisikia cherehani ikienda bila wasiwasi wowote.

Mama Birika ndiye aliyetukatisha. Alikuwa anasuuza vikombe kwenye ndoo yake, hata hakugeuka.

– Mimi nikikuta vikombe tisa vichafu, sijiulizi kama vimezaana. Nauliza nani amekunywa.

Kamera akajipiga paji la uso. Alisema hilo ndilo hasa, na alipaswa kulikumbuka. Adapta hewa haiji peke yake. Inaletwa na programu ambayo mtu kaiweka. Ukiifuta adapta ukaiacha programu, mashine ikiwaka tu programu inaileta tena. Kwa hiyo tusifukuze adapta, tufukuze programu zilizozileta, na adapta zitafuata zenyewe. Ila programu zilikuwa nyingi na majina yake hayafanani na majina ya adapta. Njia ya haraka ilikuwa moja tu, kila mtu aseme aliweka nini.

Benchi zima likainamisha vichwa. Nimeona watu wakikiri makosa kanisani na msikitini na mbele ya wake zao, lakini sijawahi kuona watu wazima wakitazama vidole vya miguu yao kwa bidii kama ile.

Kamera alianza, kwa kuwa mashine ilitoka kwake. Alikiri kwamba aliweka programu inayotengeneza simu ya bandia ndani ya kompyuta, ili atumie kile kifaa cha simu kinacholainisha ngozi kwenye picha. Miaka yote ametuambia wateja wake wanatoka vizuri kwa sababu ya mwanga. Wembe alicheka mpaka akapaliwa, halafu zamu yake ikafika na kicheko kikakauka. Yeye aliweka programu inayoifanya kompyuta ijifanye iko nchi nyingine, aangalie ngumi. Ilimkatikia raundi ya tatu, akaweka nyingine ya pili juu yake, amalizie raundi zilizobaki. Mshauri alikohoa. Alikuwa ameweka programu ya kuilinda mashine dhidi ya wapelelezi, kisha akaweka ya pili ya kuilinda ile ya kwanza. Tulimuuliza wapelelezi wangetafuta nini kwenye kompyuta iliyokaa kati ya viatu. Akasema hilo ndilo swali ambalo hata yeye lilimtia hofu. Mama Birika akasema bila haya kwamba yeye aliweka ya kuigawa intaneti, imfikie kwenye simu yake akiwa pale pembeni na jiko, na kwamba alielekezwa na mteja na ilikuwa rahisi kuliko kusugua birika.

– Na wewe, Soli? Kamera akauliza.

Nilisema mimi natumia ile mashine kuangalia vipimo vya viatu tu.

Ulikuwa uongo. Kuna tamthilia moja ya mapenzi, ya familia yenye hospitali, mama mkwe mkorofi na daktari aliyepoteza kumbukumbu, na inaonyeshwa nchi ya mbali tu. Nilikuwa nimefika sehemu ya mia moja na arobaini. Kwa miaka mingi nimewatania wenzangu kwa mambo wanayoyatazama, na nimewahi kumwambia Wembe mbele ya wateja wake kwamba mwanaume mwenye kazi hana muda wa kukaa mbele ya kioo. Ningesemaje? Nikajiambia kwamba huenda ile yangu haikuleta adapta. Nikajiambia kwamba hata kama iliileta, huenda itatoka pamoja na za wenzangu. Wasiwasi ulikuwepo, nikaumeza na kahawa.

Kamera akazifuta programu moja baada ya nyingine, na adapta zikaondoka nazo kama alivyosema. Mbili zake, maana ile simu ya bandia ilikuja na mbili, mbili za Wembe, mbili za Mshauri, moja ya Mama Birika. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina zuri sana, Kasi Salama ya Dunia. Ya pili ilikuwa na herufi nne na namba sita, jina kavu kabisa, mfano wa namba ya gari. Ukurasa bado haukufunguka. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa hewa na ndiyo iliyokuwa inakula njia. Saa ilikuwa inakaribia nne.

– Nani ameweka Kasi Salama ya Dunia? Kamera akauliza.

Hakuna aliyejibu.

– Na hii ya namba?

Hakuna.

Mshauri akasimama. Alisema sasa tumefika kwenye fani yake. Bohari lao lilikuwa na sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyomfanya astaafu bila doa: mzigo ukikutwa ndani hauna jina la kueleweka, una namba tu, na hakuna mtu wa kuusemea, unatolewa nje siku hiyohiyo. Hii moja ina jina kamili, jina la heshima, linasema kazi yake ni kasi na kwamba ni salama. Aliyelitunga ni kiwanda, mtu wa mtaani hawezi. Hii nyingine haijulikani imetoka wapi, haina aliyeileta. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani yuko tayari kuisemea adapta ya namba.

Hakuna aliyeisemea hata kwa neno moja. Kamera alinung'unika kwamba majina mazuri yeye hayaamini, wateja wake wengi wana majina mazuri. Lakini muda ulikuwa unakwenda. Mshauri akafunika kikombe. Wembe akafunika. Kamera akakishika chake, akakizungusha, akakifunika. Nami nikafunika, bila kumtazama mtu machoni.

Kamera akaiondoa adapta ya namba.

– Safari hii usiizime, Mshauri akaonya. Ukiizima itarudi.

Tulisubiri sekunde chache. Alama ya mtandao pale pembeni ya kioo ikageuka, ikawekewa mkasi, ile alama ya X. Mwanzo mashine ilikuwa inajidai imeunganishwa, sasa haikuona hata studio ya Kamera iliyo hatua sita kutoka hapo. Kamera akabonyeza hiki na kile nusu saa nzima, jasho likimtoka puani. Wembe akasema labda yule mkubwa wao kakasirika.

Dada yangu akatoka wakati huo. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amechana nywele, shingoni bado anayo tepu ya kupimia, nafikiri aliisahau. Aliniangalia mimi, akaiangalia mashine, akaangalia vikombe vinne vilivyofunikwa. Kura zetu anazijua. Anapita hapo kila siku, na sisi humpungia mkono, naye hutupungia, basi, mazungumzo yamekwisha.

Nikajaribu kumweleza. Tuna ishara zetu za nyumbani mimi na yeye, tulizojitungia utotoni: chakula, mama, njoo, acha, mvua inakuja. Hatukuwahi kutunga ya adapta. Nikamwonyesha vidole tisa, nikavipunguza, nikafanya mkono wa kutupa nje. Akanitazama kwa subira. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa cheusi na chaki ya kushonea, akakitandaza juu ya benchi, akasogeza vikombe pembeni, akaandika:

"Kompyuta ilipokuja hapa, kabla hamjaweka kitu, ilitumia ipi?"

Tulilisoma wote kwa pamoja. Mshauri alisoma mara mbili, ya pili akisogeza midomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akasema hajui. Lilikuwa swali dogo mno. Ile adapta haikuwa na wa kuisemea kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeileta. Ilikuja na mashine. Ilikuwa ndiyo ya nyumbani, na sisi wageni tumeipigia kura ikatoka.

Dada alishafuta maneno yake kwa kiganja na kuchuchumaa mbele ya kigoda. Alipitia menyu moja baada ya nyingine, hakuruka hata mstari, kidole kikifuata maandishi. Akafika kwenye neno la kutafuta vifaa upya, akalibonyeza. Mashine ikafikiri. Adapta ya namba ikarudi kwenye orodha, na ule mkasi ukaondoka kwenye alama ya mtandao.

– Umejuaje? Kamera akamuuliza, kwa mdomo, kisha akakumbuka, akaonyesha kichwa chake na kukunjua mikono.

Akaandika: "Nimesoma. Nyinyi mlikuwa mnaongea."

Mama Birika akacheka mpaka akaweka birika chini. Lakini ukurasa ulikuwa bado haufunguki, maana Kasi Salama ya Dunia ilikuwa bado imekaa mlangoni. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Dada akageuka, akagusa lile jina kwenye kioo, akatuonyesha mmoja mmoja kwa kidole: ya nani? Wembe akatikisa kichwa. Kamera akatikisa. Mshauri akatikisa. Akafika kwangu.

Nilimtazama machoni na nikaona haya ambayo sijayaona tangu nimeanza kunyoa ndevu. Nilikuwa nimekaribia kumkosesha kazi aliyoisubiri miaka mitatu, kwa sababu ya daktari aliyepoteza kumbukumbu.

– Ni yangu, nikasema. Naangalia tamthilia.

– Tamthilia gani? Wembe akauliza, sauti yake tamu kama asali.

– Ile ya hospitali.

– Yenye mama mkwe?

– Hiyohiyo. Umeijuaje?

Wembe akaanza kuangalia barabarani. Tutaongea naye siku nyingine.

Nikachukua mashine, nikaitafuta programu yangu mwenyewe, nikaifuta kwa mkono wangu, sehemu mia moja na arobaini zikienda nayo. Kasi Salama ya Dunia ikapotea. Kwenye orodha ikabaki ile moja, yenye namba zake. Ukurasa ukafunguka mara moja, bila kuzunguka. Saa tano kasoro dakika nne.

Kilichofuata kilikwenda haraka na kwa utaratibu ambao kijiwe chetu hakijawahi kuwa nao. Kamera akasema mwanga wa ndani ni mbaya, akamketisha dada mlangoni mwa kibanda, uso ukielekea nje, akatundika shuka jeupe pembeni limrushie mwanga mikononi. Safari hii ulikuwa mwanga kweli. Wembe akamtoa uzi mmoja kwenye bega. Mimi nikamvua ile tepu. Tukarudi kwenye benchi, mbele yake, na tukakaa kimya kabisa, hata Mshauri alipotaka kukohoa alikwenda kukoholea kona ya pili. Ilichukua muda kabla Mama Birika hajatukumbusha kwamba usaili ni wa mikono, tungeweza hata kupiga ngoma. Bado hatukuongea.

Kwenye kioo alikuwepo mama mmoja mwenye mvi na miwani, mkuu wa shule. Dada akaanza kuzungumza naye. Nasema kuzungumza. Sijawahi kumwona hivyo. Mikono yake ilikuwa inakwenda mbio, uso unasaidia, nyusi zinapanda na kushuka, anauliza, anajibu, anatania, yule mama anacheka. Mimi kaka yake nilikuwa nashika neno moja kati ya ishirini. Nyumbani nilizoea kumwona mtu wa maneno machache. Nilijisikia vibaya, nisiseme uongo wa pili siku moja.

Baada ya robo saa dada akasita, akatutazama sisi wa benchi, akatabasamu kwa namna ambayo tangu utoto inanitia hofu. Akaigeuza kompyuta, ikatutazama. Yule mama mwenye mvi sasa alikuwa mbele yetu. Akatupungia. Tukampungia, huo ndio uhodari wetu. Kisha akatuuliza kitu kwa mikono. Kilikuwa kifupi, ishara tatu tu, na akasubiri.

Tukatazamana. Wembe akainua kikombe, labda anauliza kama tunakunywa kahawa. Kamera akanyoosha mgongo kama anapigwa picha. Mshauri akaniambia kwa kunong'ona nijibu, mimi ndiye ndugu. Sikuweza. Yule mama akarudia taratibu, kama unavyorudia kwa mtoto, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujibu.

Dada akachukua chaki, akaandika kwenye kitambaa: "Anauliza mnaitwa nani. Ameniambia nifundishe watu wasiojua kabisa, nikamwambia ninao."

Akaanza na Mama Birika, mkono wa kumimina kutoka juu. Mama Birika akaushika mara ya kwanza na kumwonyesha yule mama kwenye kioo, kama mtu aliyezoea kusimamia kazi ya watu wazima. Wembe akapewa vidole viwili vya kushuka shavuni, akakosea, dada akamshika mkono akamrudisha mwanzo bila kukunja uso, akakosea tena, akamrudisha tena, ya tatu akapata. Kamera akapewa kidole kilichokunjwa mbele ya jicho. Mshauri akapewa vidole vinavyofunguka na kufungika mbele ya mdomo, bila kupumzika, na alikifanya kitendo hicho kwa heshima kubwa mno. Hatukumwambia maana yake.

Nikabaki mimi. Nilidhani atanipa kiatu au nyundo. Akagusa sikio lake mara mbili kwa vidole viwili.

Hiyo nilikuwa nimeshaiona. Wenzake wa shule ya zamani wakija kumtembelea huwa wanaifanya, nikiingia chumbani wanaifanya, wananitazama, wanacheka kwa upole. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza ni nini. Nikamwashiria kwa uso: mimi? Akaandika chini ya maneno ya kwanza, herufi ndogo, maana kitambaa kilikuwa kimejaa:

"Tangu utoto. Wewe ndiye uliyekuwa unanisikilizia mlango ukigongwa."

Yule mama kwenye kioo akaniuliza upya, ishara tatu, mnaitwa nani, na sasa nilizitambua zote. Nikainua vidole viwili, nikagusa sikio langu mara mbili. Akaitikia kwa kichwa kwamba amenipata. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwomba dada aigeuze mashine, akamuuliza jambo. Dada alijibu haraka. Kisha akachukua chaki, hakukuwa na nafasi tena kwenye kitambaa, akaandika juu ya mbao za benchi letu: "Anauliza naweza kuanza lini."

Wembe na Kamera walikuwa wameshakumbatiana. Mimi nilitaka kumuuliza amejibu nini, nikainua mikono, ikabaki hewani. Sikujua "lini" inasemwaje. Nikamgusa bega, nikaweka kidole juu ya lile neno kwenye mbao, nikamtazama. Akanishika mikono yote miwili, akanionyesha.